Hakikisha Imeshikwa

Injini zilizofika zilikuwa ndogo kuliko zile tulizoagiza. Mume wangu alizipanga juu ya meza ya jikoni, sita, mfano wa vipande vya chaki vilivyonona, akachukua rula na kuzipima moja baada ya nyingine, kana kwamba huenda mojawapo ingebadili nia. Zote zilikuwa na unene wa milimita kumi na nane. Roketi yenyewe, iliyokuwa imesimama kando ya kabati la vyombo, ilikuwa na tundu la milimita ishirini na nne.

Nilikuwa namenya viazi. Nilidhani ataudhika, maana alikuwa amezingoja injini hizo tangu muhula wa kwanza, na barua za ruhusa zilikuwa zimepita kwa mwalimu mkuu, kwa chifu na kwenye kituo cha polisi kabla injini hazijatoka Nairobi. Badala yake alicheka.

"Si neno, Madam," aliniambia. "Tutaziwekea adapta."

Aliniita Madam hata nyumbani, kwa utani, kwa sababu ndivyo wanafunzi walivyoniita, nami nilimwita Mwalimu. Sote wawili tulifundisha katika shule moja ya kutwa upande wa Kimulot, yeye Fizikia, mimi Kiswahili. Yeye ni Mkipsigis wa papa hapa, na shamba tunaloishi ni la marehemu babake. Mimi wazazi wangu walikuja kutoka Kisii kuchuma chai katika mashamba makubwa, nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Lugha ya nyumba yetu ilikuwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, maana hapakuwa na nyingine iliyotutosha wote wawili.

Roketi hiyo aliitengeneza na wanafunzi wa klabu ya sayansi. Mwili wake ulikuwa mrija wa karatasi ngumu, mrefu hadi kwenye mbavu zangu, mapezi manne ya mbao nyepesi, na pua ya plastiki. Mwavuli wa kuishusha niliushona mimi mwenyewe kwa kitambaa cha mwavuli wa kweli uliovunjika vyuma. Kuhusu injini nilijua alichonieleza jioni hiyo nikiendelea na viazi vyangu: kwamba si chuma, ni mrija mdogo uliojazwa baruti, kwamba ukiwashwa hutoa moto nyuma na kuisukuma roketi juu, kwamba moto ukiisha kuna kimya cha sekunde chache, kisha baruti ya mwisho hulipuka kuelekea mbele, ikaisukuma pua itoke na mwavuli ufunguke.

"Na hiyo adapta?" niliuliza.

Akaniambia nikumbuke nilipokuwa nikirithi viatu vya dada yangu mkubwa. Nilijaza gazeti mbele ili mguu usicheze. Adapta ni gazeti hilo, ila lazima liwe gumu, na lazima lisitoke kiatuni wakati wa kukimbia.

Wiki hiyo aliandika hesabu zake katika daftari la kijani: uzito wa roketi, nguvu ya injini ndogo, upepo. Hesabu aliandika kwa Kiingereza, lakini mambo ya kujikumbusha aliandika kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea peke yake. *Injini ndogo haitaipandisha juu sana, hiyo ni sawa. Usirushe kukiwa na upepo mkali. Adapta ichongwe kwa mbao. Hakikisha imeshikwa vizuri nyuma.*

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, aliondoka kwenda kukama kama kawaida. Nilikuwa nawavalisha watoto. Niliposikia ng'ombe akilia kwa namna isiyo ya kawaida nilitoka nje, nikamkuta Mwalimu ameketi kwenye matope, mgongo wake umeegemea nguzo ya zizi, ndoo imepinduka na maziwa yameenea mpaka kwenye viatu vyake. Aliniangalia. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Alijaribu kusema kitu na sauti iliyotoka haikuwa neno.

Tulimbeba kwa gari la jirani, pikapu inayopeleka majani ya chai kiwandani. Nilikaa nyuma naye juu ya magunia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na kwenye mteremko ule kabla ya lami gari lilikwama. Wanaume walisukuma. Mimi nilikishika kichwa chake na kumwambia maneno ambayo siyakumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni magurudumu yakizunguka pale pale, na matope yakiturukia, na saa iliyokuwa mkononi mwake ikiendelea kusonga.

Hospitalini Kericho waliniambia ni kiharusi. Walifanya walichoweza. Baada ya wiki tatu nilimrudisha nyumbani akiwa katika kiti cha magurudumu, mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala, na katika maneno yote aliyowahi kuyasema maishani mwake alikuwa amebaki na moja.

Neno hilo lilikuwa "kesho".

Ukimuuliza kama ana njaa, alisema kesho. Mtoto akimwonyesha mchoro, alisema kesho. Wakati mwingine alilisema kwa hasira, mara nyingi, kesho, kesho, kesho, huku jicho lake likituambia wazi kwamba yeye mwenyewe anasikia linalotoka na silo alilolikusudia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba mawazo yake yako sawa, ila njia ya kuyatoa imeharibika. Hata kutikisa kichwa hakukuwa kwa kutegemewa. Angeweza kukubali akimaanisha kukataa.

Mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake iko ng'ambo tu ya ua, alikuwa akija kila siku na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa, na kumnywesha mwanawe polepole kwa kikombe. Alimsemesha Kikipsigis tangu anaingia hadi anatoka. Siku moja, akiwa anaosha kikombe, aliniambia kitu ambacho naona kilikuwa kimemkaa kooni kwa muda. Alisema haelewi kwa nini neno moja lililobaki liwe la Kiswahili. Hakunilaumu. Aliendelea kuosha kikombe kilichokuwa kimeshatakata. Hata mimi sikulichagua.

Miezi ikapita. Roketi ilibaki kando ya kabati, nikawa naipangusa vumbi kila Jumamosi pamoja na viti. Wanafunzi wa klabu waliacha kuniuliza, na kule kuacha kuniuliza kuliniumiza zaidi ya kuulizwa. Kisha yule mtaalamu wa mazoezi akaniambia nimweke mgonjwa karibu na vitu alivyovipenda. Jioni hiyo niliipeleka roketi barazani nikamlazia mapajani. Alipitisha vidole vya mkono wa kushoto juu ya mapezi, moja baada ya jingine, akasimama kwenye lile tundu la nyuma, akaingiza kidole cha shahada ndani.

Nikaamua kwamba tutairusha.

Sijawahi kufanya kazi ya mikono zaidi ya kushona. Lakini nilikuwa na daftari la kijani na nilijua kusoma. Nilidhani hiyo inatosha. Nilikwenda Roret siku ya soko, kwa fundi anayechonga miguu ya vitanda kwa mashine ya kuzungusha, nikampa injini moja iwe kipimo, na rula, na karatasi niliyonakili mchoro wa Mwalimu. Nilitaka kipande cha mbao ya saiprasi chenye shimo katikati, nje kiingie kwenye tundu la roketi, ndani kiipokee injini ndogo, na nyuma kiwe na ukingo wa kukizuia kisizame. Fundi alichonga vizuri. Hata harufu ya mbao yenyewe ilinifurahisha njia nzima. Kosa moja tu: ukingo aliuacha mnene.

"Nimekuachia nguvu hapo, mama," aliniambia. "Hautapasuka."

Nilipofika nyumbani nikaona maana ya unene huo. Roketi ilikuja na kifuniko chake cha plastiki, duara lenye shimo katikati, la kuzungushwa nyuma ili lishikilie chochote kilichomo ndani kisitoke. Sasa kwa sababu ya ule ukingo, kifuniko hakikuzifikia nyuzi za skrubu za mrija. Kilizunguka hewani bila kushika. Nilijaribu mara nyingi. Kisha nikafungua daftari nikasoma tena: *Hakikisha imeshikwa vizuri nyuma.*

Imeshikwa. Mimi niliyefundisha upatanisho wa kisarufi kwa miaka kumi na mitatu niliusoma mstari huo na kuona injini. Injini imeshikwa. Nikapinda waya wa chuma ukawa kikulabu, nikaupigilia kwenye adapta kwa misumari midogo ya viatu, ukaikamata injini kwa nyuma hata ukiitikisa haitoki. Adapta yenyewe niliizungushia utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi, mizunguko mingi, mpaka ikawa inaingia kwa shida na lazima niisukume kwa kiganja. Kifuniko nikakiweka kwenye droo ya vijiko. Niliona imekaza. Nilijisifu hata.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya kurusha, nilimpelekea Mwalimu barazani kazi iliyokamilika. Aliigeuza roketi mapajani kwa mkono wake mmoja, polepole, mpaka mkia ukamwelekea. Aliutazama kwa muda mrefu. Akaugusa ukingo wa adapta. Kisha akaweka kiganja chake chote nyuma ya roketi, kama mtu anayeziba mdomo wa mtungi, akaninyanyulia macho.

"Imekaza," nilimwambia. "Angalia, hata ukivuta injini haitoki."

Aliondoa kiganja, akakirudisha palepale kwa nguvu.

"Kesho," alisema.

"Ndiyo!" nilimjibu. "Ndiyo, Mwalimu, ni kesho."

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Kwa mara ya kwanza tangu zizini neno lake lilikuwa limekaa mahali pake. Nililia, nikamwita mama mkwe aje asikie, nikamuuliza Mwalimu tena, turushe lini? Naye akasema kesho, akasema tena kesho, sauti ikipanda, kiganja bado kiko nyuma ya roketi, na mimi nilidhani anafurahi pamoja nami. Mama mkwe alisimama mlangoni akatutazama. Alisema tu kwamba mwanawe amechoka, tumpeleke ndani.

Jumamosi kulikuwa na jua. Uwanja wa shule uko juu ya mteremko. Chini yake ni chai mpaka mtoni, na ng'ambo ni mikaratusi ya kiwanda. Walikuja wanafunzi wa klabu na sare zao, walimu kadhaa, majirani waliosikia. Kiti cha Mwalimu nilikiweka upande wa juu, karibu na mlingoti wa netiboli, kwa sababu ndipo palipokuwa tambarare na magurudumu hayakuteleza. Mama mkwe aliketi kwa kiti cha plastiki hatua chache kutoka kwake, penye kivuli, goti lake bovu amelinyoosha mbele.

Upepo mwepesi ulikuwa ukitoka upande wa msitu wa Mau. Daftari lilisema usirushe kukiwa na upepo mkali. Huu haukuwa mkali. Niliiteremsha roketi kwenye chuma chake cha kuiongoza, nikaunganisha nyaya jinsi mchoro ulivyoonyesha, nikazivuta hadi kwenye betri ya pikipiki. Watu wakahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Nilipogusanisha nyaya hakukutokea kitu kwa pumzi moja, halafu moshi, halafu mlio kama wa kitambaa kizito kinachoraruliwa, na roketi ikaondoka.

Ilipanda. Haikupanda kwa kasi niliyoitarajia. Ilionekana kama inasitasita, na upepo ukaiinamisha kidogo kuelekea upande wetu. Lakini ilipanda, ikapita urefu wa mikaratusi, na watu wakapiga kelele. Niligeuka kumtazama Mwalimu. Hakuwa akipiga makofi kwa mkono na paja kama alivyozoea. Alikuwa amekaza macho juu na mkono wake wa kushoto umeshika tairi la kiti.

Moto ukaisha. Roketi ikaendelea kwenda kimya, ndogo, nyeupe. Kisha tukasikia mlipuko mdogo, pa, na badala ya pua kutoka mbele, kitu kilichopoka nyuma. Niliona kikianguka, kikizunguka, na utepe wa karatasi ukipepea nyuma yake kama mkia. Ilikuwa adapta yangu, na injini ndani yake. Pua ilibaki mahali pake. Mwavuli ulibaki ndani. Roketi ikasimama angani kwa muda ambao hata leo sijui kuupima, ikapinduka, ikaanza kurudi kwa pua.

Ilikuja juu yetu. Mtu mmoja akapiga ukelele na uwanja wote ukatawanyika, wanafunzi wakielekea madarasani, walimu wakielekea uani. Nami nikakimbia.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa hatua hamsini hivi kutoka kwa mume wangu. Nilijua yuko wapi, maana mimi ndiye niliyemweka pale na kukaza breki za kiti kwa mguu wangu. Nilimwona. Na miguu yangu ikanipeleka upande mwingine, chini, kuelekea kwenye chai, mpaka nikajikwaa kwenye mfereji na kuanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa, katika uwanja mzima kulikuwa na watu wawili. Mwalimu alikuwa anavuta lile tairi moja kwa mkono mmoja, na kiti kilichofungwa breki kikitikisika tu. Na mamake alikuwa akichechemea kumwendea, bila kuangalia juu hata mara moja. Alifika, akamwangukia mapajani, akamfunika kichwa kwa mikono yake.

Roketi iliingia ardhini hatua nne kutoka kwao. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu. Pua ilizama nzima, mwili ukajikunja kama bati la paa lililong'olewa na upepo, na pezi moja likaruka hadi kwenye gurudumu la kiti.

Niliporudi pale, watu walikuwa wameshajaa. Kila mtu alikuwa akisema kwa sauti ya juu jinsi ilivyokuwa karibu. Mama mkwe alikuwa amevua leso yake ya mabegani na kuitandaza juu ya mapaja ya mwanawe, maana suruali ilikuwa imelowa. Nilipiga magoti mbele ya kiti. Mwalimu aliniangalia kama alivyoniangalia zizini, na safari hii hata lile neno moja hakulisema.

Mchumaji mmoja alileta adapta, ameiokota huko kwenye chai. Aliniwekea mkononi. Ilikuwa bado ya moto kidogo. Mbao haikupasuka, fundi alisema kweli. Na injini ilikuwa imeshikwa barabara na kile kikulabu changu, wala haikuwa imesogea. Nilisimama nayo nikaielewa hatimaye: vitu viwili vilipaswa kushikwa, injini ndani ya adapta na adapta ndani ya roketi, na mimi nilishika kimoja. Ile baruti ya mwisho ilitafuta njia rahisi ya kutokea, ikaipata nyuma. Injini imeshikwa, adapta imeshikwa. Ngeli moja. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniuliza: Madam, kitenzi hicho kinarejelea nini?

Na Mwalimu aliiona Ijumaa. Hilo silitilii shaka. Aliniambia kwa kiganja chake, akarudia, akapaza sauti, na mimi nikamshangilia.

Hakuna aliyenilaumu. Mwalimu mkuu alisema tushukuru Mungu, akaandika ripoti fupi, na injini zilizosalia zikafungiwa kwenye stoo ya maabara. Wanafunzi waliufukua mwili wa roketi na kuniletea katika gunia. Nilimwogesha Mwalimu, nikamlisha, nikamfanyisha mazoezi ya vidole kama kila siku. Lakini kulikuwa na jambo nililotaka kulijua, na baada ya siku tisa nilishindwa kulibeba. Niliketi mbele yake na kikombe cha uji, watoto wakiwa shuleni.

"Siku ile," nilimuuliza, "uliniona nikikimbia?"

Alitikisa kichwa kukubali.

Nikageuza swali. "Au hukuniona?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Nilimuuliza kama amenikasirikia, akakubali. Nikamuuliza kama hajanikasirikia, akakubali, macho yamejaa machozi, na sikujua machozi ni ya lipi. Yeye alikuwa na jibu. Lilikuwa pale, nyuma ya uso nilioujua kuliko wangu, na sisi wawili tuliokuwa tumechagua lugha moja ili tusikilizane tulikaa tukitazamana hadi uji ukapoa. Nilimpangusa machozi. Alinipangusa yangu kwa mkono wa kushoto, vibaya, akanigonga pua. Hata hilo sikujua ni msamaha au ni mazoea.

Kwa mama mkwe nilikiri nikiwa chaini. Tulikuwa tunachuma mistari miwili inayopakana, kila mmoja na kapu lake mgongoni, na kwa kuwa hatukutazamana iliwezekana.

"Mama, mimi nilikimbia," nilisema.

Aliendelea kuchuma. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi.

"Nilikuona," alisema, kwa Kiswahili chake kigumu, labda ili nisikose hata neno. Kisha akasema, "Mimi sikukimbia kwa sababu hili goti linakataa. Ningekuwa na magoti yako, ningekuwa nimefika Litein."

Alicheka kidogo, nami nikajaribu. Lakini nilikuwa nimeziona zile hatua zake. Nilijua zilielekea wapi, na yeye alijua kwamba najua. Alikuwa amenipa uongo mdogo nijifunike nao, na sikuweza kuukubali wala kuurudisha. Tulichuma mpaka mwisho wa mistari.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Mwalimu ameongeza maneno matatu, yote ya Kikipsigis, na mamake amepata alichokililia. Anaweza kusimama akishika meza. Klabu ya sayansi ina mwalimu mpya, kijana kutoka Sotik, aliyekuja nyumbani kwa heshima kuomba daftari la kijani. Nilimpa. Kabla sijampa nilichukua kalamu nikaongeza maneno mawili kwenye ule mstari, injini na adapta, kila moja na kitenzi chake. Nilimwomba Mwalimu ruhusa kwanza. Alikubali kwa kichwa. Sijui.

Wiki iliyopita ilishuka mvua ya mawe. Tulikuwa barazani sote watatu. Tulikuwa tumemaliza kupalilia na chai ilikuwa nzuri, ya kuchumwa Jumatatu. Mawingu yalitoka msituni ghafla, tukamsukuma Mwalimu ndani, tukafunga nusu ya chini ya mlango na kuacha ya juu wazi. Mawe yalianza kugonga mabati moja moja, kisha yakamwagika. Kelele ilikuwa kubwa hata mama mkwe alipofungua mdomo kusema kitu sikusikia chochote, nami nilipomjibu alinyoosha mikono kuonyesha hasikii. Mwalimu alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Tulikaa tumeikodolea macho chai ikichanikachanika, jani kwa jani, mpaka mistari yote ikawa vijiti, na ardhi katikati yake ikawa nyeupe.